Ukubwa wa bafa ya logi katika mfumo wa uendeshaji

Bafa ya logi ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta (RAM) ambayo mfumo wa uendeshaji huitenga ili kuweka kwa muda jumbe zinazoeleza mambo yanayotokea ndani ya mfumo: vifaa vilivyotambuliwa, draiva zilizoanza kufanya kazi, makosa ya diski, mtandao uliokatika na kadhalika. Ukubwa wa chaguo-msingi ni ukubwa ambao bafa hiyo huwa nao endapo mtumiaji hajaubadilisha.

Kwa kuwa watumiaji wengi hawaubadilishi kamwe, ukubwa wa chaguo-msingi ndio unaotumika kwenye mashine nyingi. Bafa ikiwa ndogo mno, jumbe za mwanzo hufutika, na mara nyingi hizo ndizo zinazoonyesha chanzo cha hitilafu. Ikiwa kubwa mno, sehemu ya kumbukumbu ambayo ingetumiwa na programu hubaki imeshikwa muda wote kompyuta inapowaka. Kuchagua ukubwa wa chaguo-msingi ni kutafuta kiwango cha kati ya hasara hizo mbili kwa ajili ya mashine ambazo mchaguaji hajaziona.

Mfano unaoelezwa zaidi katika makala hii ni bafa ya logi ya kiini cha Linux. Kiini ni sehemu ya msingi ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia kumbukumbu, prosesa na vifaa. Hapa chini KB 1 ni baiti 1024 na MB 1 ni KB 1024.

## Istilahi

Logi ni orodha ya matukio iliyopangwa kufuatana na wakati. Baadhi ya watafsiri wa programu hutumia neno *batli*, ambalo mabaharia walilitumia kwa daftari la safari ya chombo. Daftari la meli hukaa chomboni hadi safari iishe, lakini bafa ya logi imo ndani ya RAM, kwa hiyo yaliyomo hupotea umeme unapokatika. Logi inayodumu ni ile iliyohamishiwa kwenye diski au kutumwa kwenye kompyuta nyingine.

## Kwa nini logi huanzia kwenye kumbukumbu

Kompyuta inapowashwa, kiini huanza kuandika ujumbe kabla diski haijatambuliwa, kabla ya mtandao kuwepo na kabla ya programu yoyote ya mtumiaji kuanza. Wakati huo hakuna mahali pengine pa kuandika isipokuwa kwenye kumbukumbu.

Sababu ya pili ni kasi. Kuandika kwenye RAM huchukua muda mfupi sana kuliko kuandika kwenye diski. Sehemu za kiini zinazohudumia vifaa mara nyingi haziruhusiwi kusimama na kusubiri diski. Huacha ujumbe wao kwenye bafa na kuendelea na kazi, kisha programu nyingine huuchukua baadaye na kuuandika kwenye faili. Katika mifumo mingi ya Linux kazi hiyo hufanywa na systemd-journald au rsyslog.

Hivyo bafa ni ghala dogo kati ya mwandishi mwenye haraka na msomaji anayeweza kuchelewa. Ukubwa wake huamua msomaji anaweza kuchelewa kiasi gani kabla ya ujumbe kupotea.

## Bafa ya duara

Bafa nyingi za logi ni za duara. Mwandishi akifika mwisho wa nafasi hurudi mwanzo na kuandika juu ya jumbe za zamani zaidi. Kwa njia hiyo bafa haijai kamwe kiasi cha kukataa ujumbe mpya, na kumbukumbu inayotumika haiongezeki.

Mpango huu huhifadhi habari za karibuni na kutupa za zamani, jambo linalofaa mara nyingi kwa sababu mtu anayechunguza tatizo hutaka kujua kilichotokea sasa hivi. Lakini kuna hali ambayo mpango huo huleta hasara. Diski ikianza kuharibika, ujumbe wa kwanza unaweza kutaja aina ya kosa na mahali lilipotokea. Baada ya hapo draiva hujaribu tena na tena na kila jaribio huandika mistari inayofanana. Baada ya muda bafa nzima imejaa marudio, na mstari wa kwanza uliokuwa na maelezo umefutwa na matokeo yake mwenyewe.

Katika Linux, kila rekodi ya bafa ya kiini ina namba ya mfuatano. Programu inayosoma kupitia faili maalumu `/dev/kmsg` hupewa taarifa ya kosa endapo rekodi iliyokuwa ikiisubiri imeshafutwa, na kwa kulinganisha namba inaweza kujua ni rekodi ngapi zimepotea. Maudhui yake hayawezi kurudishwa.

## Historia ya ukubwa katika Linux

Ukubwa wa bafa ya kiini cha Linux umeongezeka kadiri kompyuta zilivyokua:

- Matoleo ya awali: baiti 4096, yaani KB 4.
- Tangu toleo la 1.3.54: baiti 8192, yaani KB 8.
- Tangu toleo la 2.1.113: baiti 16,384, yaani KB 16.
- Tangu matoleo ya 2.4.23 na 2.6: ukubwa huchaguliwa wakati kiini kinapokompailiwa, kwa chaguo linaloitwa `CONFIG_LOG_BUF_SHIFT`.

Chaguo hilo halitaji idadi ya baiti moja kwa moja. Hutaja kipeo cha 2. Thamani 14 ni KB 16, 15 ni KB 32, 16 ni KB 64, 17 ni KB 128, 18 ni KB 256 na 20 ni MB 1. Katika matoleo ya sasa thamani inaweza kuwa kati ya 12 (KB 4) na 25 (MB 32), na chaguo-msingi ni 17, yaani KB 128.

Kutumia vipeo vya 2 kulikuwa na faida ya kiufundi. Urefu wa bafa ukiwa kipeo cha 2, prosesa hujua mahali pa kuandika kwenye duara kwa hesabu moja nyepesi ya biti, bila kugawanya. Hasara yake ni kwamba hakuna ukubwa wa kati: aliyeona KB 128 hazitoshi lazima aende KB 256.

Mwanzoni mwa matoleo ya 2.6 chaguo-msingi lilitofautiana kwa aina ya mashine. Kompyuta ya kawaida yenye prosesa moja ilipewa 14, yenye prosesa zaidi ya moja ilipewa 15, na kompyuta kubwa za IBM za S/390 zilipewa 17. Baadaye 17 likawa chaguo-msingi la jumla.

Ongezeko hili linaeleweka zaidi likilinganishwa na kumbukumbu yote. Kwenye kompyuta yenye RAM ya MB 4, bafa ya KB 4 ilikuwa sehemu moja kati ya 1024. Kama bafa ingekuwa KB 128, ingechukua sehemu moja kati ya 32, gharama ambayo mtumiaji angeihisi. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8, KB 128 ni sehemu moja kati ya 65,536.

Muundo wa ndani wa bafa nao umebadilika. Toleo la 3.5 la mwaka 2012 liliacha mkondo mtupu wa herufi na kuanza kuhifadhi rekodi kamili, kila moja na wakati wake na kiwango chake cha uzito. Toleo la 5.10 la Desemba 2020 lilileta bafa mpya isiyotumia kufuli, iliyoandikwa na John Ogness, ili prosesa kadhaa ziweze kuandika kwa pamoja bila kusubiriana. Katika muundo huo maandishi hukaa sehemu moja na maelezo ya rekodi sehemu nyingine. Idadi ya rekodi hukadiriwa kwa kuchukulia kwamba ujumbe una wastani wa herufi 32, hivyo bafa ya KB 128 ina nafasi ya rekodi 4096. Maelezo ya rekodi hutumia kumbukumbu nje ya KB 128 hizo, kwa hiyo gharama halisi ni kubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye usanidi.

## Mashine zenye prosesa nyingi

Namba moja haiwezi kufaa simu na seva kwa pamoja. Wakati wa kuwaka, kiini huandika mistari kadhaa kwa ajili ya kila prosesa. Mashine yenye prosesa 4 huandika michache, lakini yenye prosesa 256 inaweza kujaza bafa kabla mfumo haujamaliza kuwaka.

Toleo la 3.17 la mwaka 2014 liliongeza chaguo la pili, `CONFIG_LOG_CPU_MAX_BUF_SHIFT`, ambalo chaguo-msingi lake ni 12. Maana yake ni kwamba kila prosesa baada ya ile ya kwanza huchangia KB 4. Michango hiyo huhesabiwa pale tu jumla yake inapozidi nusu ya bafa ya kawaida. Isipofikia hapo, bafa hubaki ilivyo.

Kwa mfano, mashine yenye prosesa 64 huhesabiwa hivi:

1. Prosesa 63 za ziada × KB 4 = KB 252.
2. Nusu ya bafa ya KB 128 ni KB 64. Kwa kuwa 252 inazidi 64, michango inatumika.
3. KB 252 + KB 128 = KB 380.
4. Jumla hupandishwa hadi kipeo cha 2 kinachofuata, yaani KB 512.

Kompyuta ya mezani yenye prosesa 8 huchangia KB 28 tu, na hivyo hubaki na KB 128. Sababu ya kuweka mpaka huo ni kwamba bafa ya kwanza imo ndani ya kiini chenyewe tangu kilipokompailiwa. Bafa kubwa zaidi inapotengwa, ile ya kwanza hubaki bila kazi. Kwa ongezeko dogo, kumbukumbu inayopotea ingezidi faida.

## Kukadiria ukubwa unaotosha

Kanuni ya jumla ni rahisi: bafa isipungue kiasi cha maandishi kinachoandikwa katika muda mrefu zaidi ambao msomaji anaweza kuchelewa.

> ukubwa ≥ jumbe kwa sekunde × wastani wa baiti kwa ujumbe × sekunde za kuchelewa

Tuseme seva yenye diski nyingi huandika jumbe 2500 za wastani wa baiti 80 kabla programu ya kukusanya logi haijaanza. Hizo ni baiti 200,000. Bafa ya KB 128 ina baiti 131,072, kwa hiyo takribani baiti 69,000 za mwanzo zitafutwa, sawa na jumbe zaidi ya 800. Bafa ya KB 256 ina baiti 262,144 na ingetosha, ikiwa na akiba kidogo.

Hesabu hii inaonyesha pia kwamba kuna mambo matatu yanayoweza kurekebishwa, si moja. Mtu anaweza kuongeza bafa, kupunguza jumbe, au kuanzisha msomaji mapema zaidi.

Anayechagua kwa niaba ya wengine hukabiliwa na ugumu wa ziada, kwa sababu siku ya kawaida si kipimo kizuri. Katika siku ya kawaida hata bafa ndogo hutosha na hakuna anayeisoma. Siku ya hitilafu kasi ya uandishi hupanda mara nyingi zaidi, na ndiyo siku ambayo logi inahitajika. Kwa hiyo chaguo-msingi linalopimwa kwa siku tulivu huwa dogo kuliko inavyotakiwa.

## Mifumo mingine

Vifaa vidogo. Ruta na vifaa vingine vyenye kumbukumbu chache mara nyingi hutumia BusyBox, mkusanyiko wa zana ndogo za Linux. Programu yake ya `syslogd` inaweza kuweka logi kwenye bafa ya duara ndani ya RAM badala ya faili. Chaguo-msingi ni KB 16, na logi husomwa kwa amri `logread`. Hapa lengo si kuokoa RAM pekee, bali pia kuepuka kuandika mara kwa mara kwenye hifadhi ya flashi ambayo huchakaa kwa kuandikwa.

Android. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, logi za programu husimamiwa na huduma iitwayo `logd`. Ina bafa kadhaa, zikiwemo ya jumla, ya mfumo, ya mawasiliano ya redio na ya programu zilizoanguka. Chaguo-msingi ni KB 256 kwa kila bafa, na KB 64 kwa simu zilizotambulishwa kuwa na RAM ndogo. Mtumiaji anaweza kubadilisha ukubwa huo kwenye menyu ya wasanidi programu. Kwa kuwa programu nyingi za simu huandika kwenye bafa moja, programu moja yenye maneno mengi inaweza kufuta jumbe za nyingine. Kwa sababu hiyo matoleo kadhaa ya `logd` yalianza kupunguza jumbe za programu inayoandika kupita kiasi kabla ya kugusa za wengine.

ftrace. Chombo hiki cha Linux hurekodi mwenendo wa ndani wa kiini, na huandika kwa wingi kuliko logi ya kawaida. Kila prosesa hupewa bafa yake ya KB 1408, lakini haitengwi hadi chombo kitakapotumika. Kabla ya hapo bafa ni ya KB chache tu. Hivyo asiyekitumia halipi gharama yake. Mtumiaji huchagua pia kama bafa ikijaa zifutwe rekodi za zamani au zikataliwe mpya.

systemd-journald. Badala ya namba isiyobadilika, huduma hii hutumia asilimia. Logi ikiwa kwenye RAM, chini ya `/run`, inaruhusiwa kufikia asilimia 10 ya mfumo wa faili iliomo, bila kuzidi GB 4, huku asilimia 15 ikiachwa wazi. Kipimo cha asilimia hufuata ukubwa wa mashine bila mtu kukibadilisha.

macOS. Tangu toleo la 10.12 la mwaka 2016, uamuzi hufuata uzito wa ujumbe. Jumbe za kawaida huhamishiwa kwenye diski, lakini zile za taarifa ndogo hubaki kwenye kumbukumbu na kufutwa bafa inapojaa, isipokuwa usanidi ukibadilishwa.

FreeBSD. Bafa ya kiini husomwa kwa amri `dmesg` kama ilivyo kwa Linux, na ukubwa wake huwekwa wakati wa kuwaka kwa kigezo `kern.msgbufsize`.

## Kutambua na kubadilisha ukubwa

Katika Linux, dalili ya bafa iliyofurika huonekana kwa amri `dmesg`. Ikiwa kompyuta imewaka muda mfupi uliopita, mstari unaoanza na maneno `Linux version` unapaswa kuwa karibu na mwanzo wa orodha. Usipokuwepo, jumbe za mwanzo zimeshafutwa. Kabla ya kuhitimisha kwamba zimepotea kabisa, inafaa kutumia `journalctl -k`, kwa sababu huenda zilihamishwa kabla ya kufutwa.

Si lazima kukompaili kiini upya ili kuongeza bafa. Kigezo cha kuwasha `log_buf_len` hutosha, kwa mfano `log_buf_len=1M`. Namba isiyo kipeo cha 2 hupandishwa hadi kipeo kinachofuata. Kigezo hiki huongeza tu. Kikitaja ukubwa mdogo kuliko ule uliokompailiwa, hakina athari. Mabadiliko huanza kufanya kazi kompyuta inapowashwa tena, kwa hiyo hayawezi kuokoa logi ya hitilafu inayoendelea.

Katika Android, amri `logcat -g` huonyesha ukubwa wa bafa na `logcat -G 1M` huufanya kuwa MB 1.

## Mipaka ya kuongeza ukubwa

Bafa kubwa haitatui kila tatizo. Draiva yenye kasoro inayoandika maelfu ya mistari kwa sekunde itajaza bafa ya MB 32 kama inavyojaza ya KB 128, ila itachelewa kidogo. Kwa hali kama hiyo mifumo huweka kikomo cha kasi. Kiini cha Linux kina kikomo kinachotumiwa na sehemu zake nyingi, ambacho chaguo-msingi lake ni jumbe 10 kwa kila sekunde 5. Zinazozidi huachwa, na idadi yake hutajwa. Nacho systemd-journald huruhusu kila huduma jumbe 10,000 katika sekunde 30.

Kikomo cha kasi kina umuhimu wa kiusalama pia. Mtu anayetaka kuficha alichofanya anaweza kuandika jumbe nyingi zisizo na maana ili zifute ushahidi. Linux huwekea kikomo programu za mtumiaji zinazoandika kwenye `/dev/kmsg`.

Tena, bafa ya kumbukumbu haisaidii mfumo ukianguka kabisa kabla msomaji hajaichukua. Kwa ajili hiyo kuna mbinu ya *pstore*, ambayo huhifadhi sehemu ya mwisho ya logi mahali panaposalimika mashine inapowashwa upya, na kuna njia ya kutuma logi kwenye kompyuta nyingine kwa mtandao.

Katika mashine yenye diski inayofanya kazi na programu ya kukusanya logi, bafa inahitaji kutosha kuanzia kuwaka hadi programu hiyo ianze, pamoja na akiba ya vipindi vya msongamano. Katika kifaa kisicho na diski bafa ndiyo logi yote, na kila KB iliyopunguzwa ni sehemu ya historia ya kifaa ambayo haitaonekana tena.

## Tazama pia

- Mfumo wa uendeshaji
- Linux
- Android
- RAM
- Prosesa